Vyeti vya usalama kazini: Chunguza anayekuuzia mafunzo mtandaoni

Na DAKTARI WETU

ALASIRI moja mwaka wa 2023, vijana wawili waliingia mbio katika kliniki yangu wakimwongoza mwenzao kwa mikono. Alikuwa amejifunika uso kwa taulo iliyolowa maziwa, na alikuwa akilia kama mtoto.

Kijana huyo alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha sabuni hapa jijini Nairobi. Alikuwa akimimina maji ya kostiki soda kutoka pipa moja hadi jingine pale yalipomrukia na kumwingia katika jicho la kushoto. Wenzake walimpangusa kwa kitambaa, wakakimbia dukani kununua maziwa, wakammwagia, kisha wakaenda kutafuta matatu. Tangu aumie hadi kunifikia zilikuwa zimepita takriban dakika 50.

Mfereji wa maji ulikuwa hatua chache tu kutoka pale alipokuwa amesimama.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini jambo hili ni zito. Asidi inapoingia jichoni hugandisha tabaka la juu, na tabaka hilo lililoganda huizuia kidogo isizame zaidi. Kostiki soda si asidi bali ni alkali, nayo haizuiliki hivyo. Huyeyusha mafuta yaliyo katika chembe za jicho na kuendelea kupenya ndani hata baada ya mgonjwa kudhani kwamba hatari imekwisha. Dawa yake ya kwanza, ambayo hata daktari bingwa hana bora kuliko hiyo, ni maji safi, mengi, papo hapo, kwa muda wa dakika 15 hadi 30, kope zikiwa zimefunuliwa. Maziwa hayana kazi hapo. Kumpeleka mgonjwa hospitalini kabla ya kumwosha ni kumpeleka akiwa anaendelea kuungua njiani.

Tulimwosha jicho kwa chupa kadhaa za maji ya chumvi, kisha nikampeleka kwa daktari wa macho.

Siku ya tatu meneja wake alikuja na fomu ya fidia ili nijaze sehemu ya daktari. Alikuwa pia na bahasha. Ndani yake mlikuwa na vyeti 14, kimoja kwa kila mfanyakazi pamoja na yule majeruhi, vikisema kwamba wamefuzu katika huduma ya kwanza na utumiaji salama wa kemikali. Vilipendeza kwa kweli: karatasi nene, nembo ya rangi ya dhahabu, sahihi mbili. Mafunzo yalikuwa yamefanywa kwa simu za mkononi, kupitia intaneti, Jumamosi moja kabla ya saa sita.

Nilimwuliza kama kuna yeyote aliyewaonyesha jinsi ya kuosha jicho. Akanijibu kwamba kulikuwa na video, nayo ilikuwa kwa Kiingereza cha Kimarekani.

Nilitaka kumkemea. Lakini nilinyamaza, maana nilikumbuka yangu.

HATA MIMI NILINUNUA

Mwaka mmoja kabla ya kisa hicho nilikuwa nimewanunulia wafanyakazi wa kliniki yangu, sisi sote saba, mafunzo ya mtandaoni kuhusu kujikinga na maambukizo na utunzaji wa sindano zilizotumika. Bei ilikuwa nafuu na tangazo lilikuwa la kuvutia. Mimi mwenyewe nilibonyeza ukurasa baada ya ukurasa nikiwa nakunywa chai. Mwisho kulikuwa na maswali kumi, na ukikosa unarudia hadi upate. Kwa dakika 20 nilikuwa nimepata cheti. Mfagizi wetu, mama wa makamo asiyeizoea kompyuta, alibonyezewa na karani.

Miezi michache baadaye mama huyo alichomwa na sindano iliyokuwa imetupwa katika mfuko wa taka za kawaida. Hakumwambia mtu. Alikikamua kidole hadi damu ikatoka, akakifunga kwa kitambaa, akaenda zake nyumbani. Nilipata habari kesho yake jioni, karani aliponidokezea.

Kwa bahati tulikuwa bado ndani ya saa 72. Mtu aliyechomwa na sindano ya namna hiyo hupewa dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi, ambazo humezwa kwa siku 28. Kadiri zinavyoanzwa mapema, ndivyo zinavyofaa zaidi, na baada ya saa 72 hazitegemewi tena. Kidonda chenyewe huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakikamuliwi. Alimeza dawa, akapimwa na kupimwa tena, na hakuambukizwa. Siku hizo sikupata usingizi wa maana.

Nilipomwuliza mbona hakuniambia, alisema, "Daktari, nilidhani nitafutwa."

Cheti chake, ambacho nilikuwa nimekiweka faili mimi mwenyewe, kilisema amepata alama 100 kwa 100.

Ndiyo maana nimeamua kuandika juu ya jambo hili wiki hii, ingawa wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisikia nikizungumza juu ya shinikizo la damu na kisukari. Anayekuuzia mafunzo ya usalama kazini anakuuzia kitu cha afya, sawa na anayekuuzia dawa. Dawa bandia tunaiogopa. Mafunzo bandia tunayatundika ukutani.

BIASHARA ILIYOPANUKA

Biashara hii ilipata nguvu tangu mwaka 2020, wakati ugonjwa wa COVID-19 ulipofunga madarasa na kila mtu akalazimika kusomea nyumbani. Si vibaya. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anaweza kusoma anapopata nafasi, na mwajiri hafungi kiwanda siku mbili. Lakini mlango uliofunguliwa kwa wakufunzi wema uliwapitisha pia wachuuzi wa karatasi. Wengi hawauzi mafunzo. Wanachouza ni utulivu wa moyo kwa mwajiri anayemwogopa mkaguzi, au mwanakandarasi ambaye zabuni inamtaka aambatanishe vyeti.

Sheria yetu yenyewe si kigugumizi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 15 ya mwaka 2007, inamtwika mwajiri jukumu la kuwapa wafanyakazi wake maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wawe salama. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, na ukaguzi wa usalama unatakiwa kufanywa angalau mara moja kila miezi 12. Jukumu ni la mwajiri. Kijana anayeambiwa alipie cheti kutoka mfukoni mwake kabla ya kuanza kazi ya hatari ana haki ya kuuliza kwa nini.

Wenye kusimamia sheria hiyo ni Idara ya Usalama na Afya Kazini katika Wizara ya Leba, ijulikanayo kwa kifupi kama DOSHS. Idara hiyo huidhinisha taasisi zinazofundisha huduma ya kwanza, kuzima moto na kazi za kamati za usalama. Basi swali la kwanza kwa yeyote anayekupigia simu kukuuzia mafunzo hayo ni hili: Je, umeidhinishwa na DOSHS, kwa somo gani, na idhini yako inakwisha lini? Akikutumia picha ya barua, usitosheke nayo. Picha hutengenezwa. Wasiliana na idara yenyewe au ofisi yake iliyo karibu nawe, utaje jina la taasisi na somo unalotaka. Taasisi inaweza kuwa na idhini ya kufundisha kuzima moto ilhali haina ya huduma ya kwanza.

OSHA IPI?

Hapa ndipo wengi huangukia, hata watu waliosoma.

Sheria yetu ya 2007 hufupishwa kwa Kiingereza kuwa OSHA. Marekani nayo ina idara ya serikali iitwayo OSHA, iliyotokana na sheria yao ya mwaka 1970. Herufi ni zilezile, lakini nchi ni mbili na sheria ni mbili. Muuzaji wa mtandaoni anapoandika kwamba mafunzo yake yamekubaliwa na OSHA, Mkenya anasoma sheria yake, naye muuzaji anamaanisha ya Wamarekani, au hamaanishi yoyote.

Idara ya Marekani ina mpango wa mafunzo ya saa 10 kwa wafanyakazi na saa 30 kwa wasimamizi. Anayemaliza hupewa kadi. Ni mafunzo mazuri ya kumfungua mtu macho, lakini idara hiyo yenyewe husema kwamba kadi si leseni, na mpango huo wa hiari hautimizi mahitaji yote ya mafunzo yaliyo katika kanuni zao. Tena wameweka kikomo: mtu haruhusiwi kusoma zaidi ya saa saba na nusu kwa siku moja. Kwa hiyo mafunzo ya saa 10 hayawezi kumalizika kabla ya siku ya pili. Anayekuahidi kadi hiyo leo jioni anakudanganya, na huhitaji mpelelezi kulijua hilo. Majina ya wanaoruhusiwa kufundisha mtandaoni yamo katika tovuti ya idara hiyo ya Marekani.

Mgonjwa wangu mmoja, kijana mwashi aliyekuwa akitafuta kazi katika nchi za Ghuba, alinionyesha kadi kama hiyo katika simu yake siku alipokuja kutibiwa mgongo. Aliinunua kwa ajenti aliyemwambia kwamba bila hiyo hapandi ndege. Alikuwa hajasoma hata ukurasa mmoja. Nilimshauri amwulize mwajiri wa huko, kwa maandishi, anataka cheti gani hasa na cha nani. Laiti angeuliza kabla ya kulipa.

Kwa wale wanaotaka elimu ya juu zaidi, vyeti vya Uingereza kama vile vya NEBOSH, shirika lililoanzishwa mwaka 1979, vinaheshimika sana Afrika Mashariki na Ghuba. Kumbuka tu kwamba chuo kinachokufundisha si NEBOSH. Chuo hukuandaa, lakini anayetahini na kutoa cheti ni NEBOSH wenyewe, na orodha ya vyuo walivyovikubali wanayo. Chuo kikikuambia kwamba kitakupa cheti cha NEBOSH bila mtihani, funga simu.

MIKONO HAISOMEI KATIKA SKRINI

Sasa nizungumze kama daktari.

Yako mambo ambayo kompyuta huyafundisha vyema, pengine kumshinda mwalimu aliyechoka. Maana ya alama zilizobandikwa juu ya mapipa ya kemikali. Namna ya kusoma karatasi ya maelezo ya usalama ya kemikali. Namna ya kukaa mezani ili shingo isiume. Haki na wajibu wa mfanyakazi mbele ya sheria. Haya yote mtu aweza kuyasoma kwa wakati wake, akarudia asipoelewa.

Lakini mwili una elimu yake. Kufufua mtu ambaye moyo umesimama kunataka ubonyeze kifua chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachilia kirudi juu kila mara. Nambari hizo utazikariri kwa dakika moja. Ila hujui sentimita tano ni nguvu kiasi gani mpaka uwe umepiga magoti kando ya mwanasesere wa mafunzo na jasho linakutoka. Hata Shirika la Moyo la Marekani, American Heart Association, ambalo lina masomo ya mtandaoni, halitoi kadi yake ya kufufua wagonjwa kwa mtu aliyesoma kwa kompyuta peke yake. Lazima aende ajaribiwe kwa mikono.

Kadhalika mtungi wa kuzimia moto. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto wala si kwenye ndimi zake, bana, pepea upande hadi upande. Maneno machache tu. Mtu ambaye hajawahi kuushika mtungi, tena ulivyo mzito, hupoteza sekunde za kwanza akitafuta pini, na mtungi mdogo huisha kabla hajajua anaelekeza wapi.

Dereva wa foklifti ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Kanuni za Marekani, kule kule ambako wauzaji wengi hudai kutoka, zinataka afunzwe kwa maneno, afanye mazoezi juu ya mashine, kisha apimwe akiwa kazini. Mambo matatu. Anayeuza cheti cha foklifti kwa intaneti tupu ameuza theluthi moja kwa bei ya nzima. Hali ni hiyo hiyo kwa mikanda ya wapandao juu ya majengo, na barakoa za kuzuia moshi wa kemikali, ambazo zisipokaa sawasawa usoni ni pambo.

Kwa hiyo mwulize muuzaji: Sehemu ya mikono itafanywa wapi, lini, na nani? Mkufunzi mwaminifu hujibu bila kusita. Atakuambia kwamba nadharia ni ya mtandaoni na kwamba atakuja kwako, au mtakwenda kwake, kwa mazoezi. Mwingine atakuambia kwamba teknolojia imeendelea. Huyo achana naye.

MAMBO MENGINE YA KUTAZAMA

Uliza jina la aliyeandika somo na ujuzi wake. Somo la kemikali liandikwe na mtu aliyewahi kufanya kazi na kemikali. Tazama pia limeandikwa lini na kwa sheria za nchi gani. Nimeona somo linalouzwa hapa kwetu lililoandikwa kwa sheria za nchi nyingine.

Uliza kama mwanafunzi anaweza kumwuliza mtu swali akajibiwa. Hili si jambo dogo. Katika kanuni za Marekani juu ya magonjwa yaletwayo na damu, mafunzo ambayo hayampi mfanyakazi nafasi ya kumwuliza mtu mjuzi hayahesabiwi kuwa yametimia. Mama mfagizi wa kliniki yangu alikuwa na swali moja tu, kama atafutwa, na hapakuwa na wa kumjibu.

Lugha nayo ni kiini. Ikiwa watu wako wanazungumza Kiswahili wakiwa kazini, kuwafunza kwa Kiingereza cha haraka ni kuwafunza viziwi. Wako wakufunzi Wakenya wanaofundisha kwa Kiswahili. Bei yao huenda ikawa juu kidogo.

Uliza ni watu wangapi huanguka mtihani. Ukiambiwa hakuna, fikiri. Mtihani mzuri hubadilisha maswali, humtambua anayeufanya, na hauruhusu mtu kubahatisha mpaka apite. Cheti nacho kiwe na nambari ambayo mtu mwingine anaweza kuithibitisha kwa aliyekitoa. Jaribu kwanza kwa nambari ya uongo. Niliwahi kuandika nambari niliyoibuni katika tovuti moja, nayo ikanipongeza.

Kabla ya kulipa, angalia jina litakalotokea katika malipo ya M-Pesa. Kampuni ikitaka pesa zipelekwe katika simu ya mtu binafsi, simama. Angalia pia wanachokuomba: majina, nambari za vitambulisho, picha za wafanyakazi. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hizo si mali ya kumtupia yeyote.

Kuhusu gharama, waajiri wengi hawajui kwamba wanaweza kusaidiwa. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ada ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Anayelipa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo, mradi mkufunzi awe amesajiliwa na NITA na maombi yapelekwe mapema, kabla ya mafunzo kuanza. Nimekutana na wenye viwanda waliolipa ada hiyo miaka na miaka bila kudai hata senti, kisha wakanunua vyeti vya bei rahisi wakidai hawana pesa.

Katika kliniki yangu tulianza upya. Muuguzi mmoja alitumwa akasomee kwa taasisi iliyoidhinishwa, akarudi akatufunza sote, mfagizi akiwa wa kwanza kushika lile kopo gumu la sindano na kuuliza linajazwa mpaka wapi. (Robo tatu, kisha hufungwa.) Karatasi iliyobandikwa ukutani inasema, kwa Kiswahili, la kufanya ukichomwa na umwite nani, na mstari wa mwisho unasema hakuna atakayefutwa kwa kuripoti. Mstari huo alidai uandikwe yeye.

Kijana wa kiwanda cha sabuni sasa anaona vivuli tu kwa jicho la kushoto. Amehamishiwa kufunga katoni. Meneja wake alinipigia simu miezi kadhaa baadaye akiwa na majina ya wakufunzi watatu wapya, akitaka nimchagulie. Nilimwambia nami siwajui, lakini amwulize kila mmoja kama atakuja kuyaona mapipa kabla ya kufundisha. Wawili walisema si lazima.

Wa tatu alikuja. Jambo la kwanza aliloomba kuonyeshwa ni mfereji, na aliukuta umefungwa kwa waya ili watu wasiharibu maji.